Jenerali Aliyeuliza Majina

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi, Jenerali mstaafu Ekiru Lodio, uliye mgeni wetu leo na mwenyeji wetu siku zote; Mheshimiwa Gavana; Kamishna wa Kaunti; waheshimiwa wabunge na wawakilishi wa wadi; makamanda wa jeshi na wa polisi mlioketi safu ya mbele; masheikh, mapadre na wachungaji; wazee wenzangu Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru; akina mama; vijana mliopanda ukuta wa shule ingawa mmekatazwa; mabibi na mabwana. Salaam aleikum. Habari za asubuhi. Nagaa. Ejoka. Nimezitoa zote, kwa sababu katika mji huu ukisahau salamu moja, sehemu nzima ya mkutano inanuna mpaka pilau iletwe.

Mimi ni Kirigia Mbaabu. Nilishuka kutoka Meru nikiwa kijana, nikaja kufundisha katika shule hii, nikidhani nitakaa muhula mmoja halafu nirudi kwenye baridi yetu na migomba yetu. Nimezeekea hapa. Kamati ya mapokezi imenipa kazi ya kuwaeleza safari ya Mheshimiwa Waziri, kutoka Kiwanjani mpaka Baraza la Mawaziri. Mwenyekiti wa kamati, Bi Makandi, ambaye naye nilimfundisha, alinijia nyumbani akaniambia kwa heshima, "Mwalimu, sifa tu. Mambo ya operesheni tuachie sisi." Nilimuuliza hao "sisi" ni akina nani. Akacheka, lakini chai yake hakuimaliza. Makandi mwanangu, tulia. Nitasifu tu. Kila nitakalosema ni sifa ya Jenerali Lodio, na hakuna hata moja ambayo nimeiazima kwa mtu mwingine.

Nianze na vijana, ambao mnamfahamu Waziri kwa picha za televisheni. Alizaliwa hapahapa Isiolo, mtaa wa Kiwanjani, upande ule wa nyumba za udongo. Mama yake, Nakolong, aliuza kuni, na kwa kuni hizo akamsomesha. Alipofaulu mitihani na kuchukuliwa kuwa kadeti wa jeshi, alirudi likizo yake ya kwanza akiwa amevaa sare, na majirani wakakimbilia kwa Nakolong kumpa pole. Walidhani amekamatwa, na kwamba yule aliyevaa sare ni askari aliyemleta.

Mnacheka. Lakini hebu niwaeleze kwa nini walidhani hivyo. Kwa watu wa mji mkuu, jeshi ni gwaride, ni bendi, ni ndege zinazochora moshi angani siku ya sikukuu. Kwetu sisi wa kaskazini, jeshi kwa miaka mingi limekuwa ni vumbi linaloonekana mbali, na mama anayewaita watoto waingie ndani bila kuwaambia sababu. Mtoto wa kaskazini hujifunza hofu hiyo kabla ya kujifunza kusoma. Ekiru Lodio aliijua. Na mimi nasema kwamba ukuu wake wote ulitoka hapo: alivaa sare bila kusahau jinsi inavyoonekana machoni mwa mtu aliyesimama mlangoni mwa boma lake.

Sasa nifike kwenye tukio lililompa jina. Wazee mnalijua, lakini mnivumilie, maana safu ya mbele kuna wageni.

Alikuwa kapteni. Kulikuwa na wizi mkubwa wa ng'ombe kule Merti, watu walikuwa wameuawa, na jeshi likapelekwa. Huko Korbesa, jirani na Merti, askari waliwakusanya wanaume kwenye uwanja. Miongoni mwao alikuwemo mfugaji mmoja Mborana, anaitwa Dadacha. Sajenti, kijana mwema tu kutoka sehemu za mbali, aliambiwa amuulize kila mwenye boma ana mifugo kiasi gani na ana vijana wa kiume wangapi.

"Mzee, vijana wako ni wangapi?"

"Wapo."

"Wapo wangapi?"

"Wapo vile Mungu amenipa."

Sajenti aliuliza tena, na Dadacha akajibu vilevile. Basi sajenti akaona huyu anaficha. Akamlaza chini kwenye jua, mikono nyuma ya kichwa, akapeleka habari kwa redio kwamba mzee mmoja amekataa kusema watu wake ni wangapi. Na wakati uleule kikosi kingine kilikuwa kimelala juu ya kilima, kikitazama kisima ambako vijana wenye bunduki za kulinda ng'ombe walikuwa wakinywesha. Kikosi kile kilikuwa kinangoja neno moja tu. Habari ya sajenti ilipofika, neno hilo likawa karibu sana kutoka.

Ndugu wageni waalikwa, mimi ni mwalimu, na mwalimu hawezi kupita mahali ambapo darasa halijaelewa. Dadacha hakuwa mkaidi. Mfugaji wa huku hahesabu mifugo yake kwa mdomo, wala hahesabu watoto wake. Baraka inayotajwa kwa idadi imekwisha kufungwa, na kilichofungwa huanza kupungua. Msidhani ni mambo ya Waborana peke yao. Marehemu mama yangu, Mkristo wa kanisa la asubuhi na la jioni, ukimuuliza ana watoto wangapi alikuambia, "Ni hawa unaowaona," hata kama nusu yetu tulikuwa shuleni. Swali la sajenti lilikuwa rahisi Nairobi. Pale Korbesa lilikuwa ni kumwambia baba awapeleke wanawe kaburini kwa ulimi wake mwenyewe. Angewezaje kulijibu?

Kapteni Lodio alifika akamkuta mzee juani. Hakumfokea sajenti. Alimwinua Dadacha, akamkalisha kivulini mwa lori, naye akachutama mbele yake, bastola ikiwa bado kiunoni, na akauliza swali lake.

"Baba, kifungua mimba wako anaitwa nani?"

"Jaldesa."

"Jaldesa yuko wapi saa hizi?"

"Kisimani. Ananywesha wale wekundu."

"Na anayemfuata?"

Dadacha akamtaja, akamtaja na wa tatu, na kwa kila mmoja akasema amevaa nini, ana ng'ombe wa rangi gani, na fahali anayetangulia anaitwaje. Maana mfugaji hukosi kitu kwake ukimuuliza majina. Ndiyo hesabu yake, na ni sahihi kuliko yetu, kwa sababu yetu haikuambii aliyepotea ni nani. Kapteni alisikiliza yote, akahesabu moyoni, na mdomo wake haukutaja idadi yoyote. Halafu akachukua redio. "Walio kisimani ni Jaldesa na ndugu zake. Wananywesha. Ondoeni vidole."

Jaldesa ana wajukuu sasa.

Miezi kadhaa baadaye Dadacha alikuja mjini na mtamba mwekundu, akauliza njia mpaka Kiwanjani, akamkabidhi Nakolong. Kwa watu wa huku, ukimpa mtu mnyama kwa namna hiyo umekuwa ndugu yake, na watoto wenu ni ndugu. Mborana na Mturkana. Tumeona tangu wakati ule miaka ambayo makabila haya mawili hayakuweza kukutana sokoni bila polisi katikati, na katika miaka hiyohiyo Nakolong alikuwa akipelekewa maziwa kutoka Korbesa, na Dadacha akija hospitali analala kwa Nakolong. Mheshimiwa Waziri, urithi huo hukuachiwa na mtu. Uliujenga mwenyewe, ukiwa umechutama.

Na hakuacha. Alipanda cheo, akawa meja, akawa kanali, akaenda nchi za watu kulinda amani, akarudi na nyota mabegani, mpaka akaliongoza jeshi lote. Maafisa waliopita mikononi mwake wananiambia kwamba kila kundi jipya alilipa amri ileile: ukiingia kijijini usiulize idadi, uliza majina. Vijana wa kambini wakambatiza "Jenerali Majina". Walidhani wanamdhihaki. Yeye, nilipomtania kwa jina hilo, aliniambia ndilo alilopenda kuliko yote.

Hata nyumbani alikutana na jambo hilo la idadi. Mtakumbuka sensa iliyopita. Karani, binti mpole mwenye kishikwambi chake, aliingia kwa Nakolong na kuuliza kama alivyofundishwa: mama, umezaa watoto wangapi, walio hai ni wangapi? Jenerali alikuwa ameketi hapohapo ndani, na mimi nilikuwa nimekwenda kumjulia hali.

Nakolong akamtazama yule binti tangu kichwani mpaka viatuni. "Wewe ni karani ama ni mchawi?"

"Ni karani, nyanya."

"Basi hesabu viti."

Jenerali alicheka mpaka akatoa leso. Akamwita yule binti pembeni, akamtajia ndugu zake kwa majina, kazi ikaisha. Naomba mlitazame jambo hilo vizuri. Mwanamke alikataa kutoa idadi kwa afisa wa serikali, katikati ya mji wa Isiolo, na hakuna helikopta iliyotumwa Kiwanjani.

Mheshimiwa Waziri, siku jina lako lilipotangazwa kuwa Waziri wa Ulinzi, mji huu haukulala. Waturkana waliimba, Waborana wakachinja, Wameru tukafunga maduka ya miraa mapema, jambo ambalo hata mazishi huwa hayaliwezi. Kwa nini tulifurahi hivyo? Hatukutarajia barabara, wala kazi kwa vijana wetu. Tulifurahi kwa sababu tulijiambia: sasa, siku vumbi likionekana mbali, aliyelituma ni mtu anayetujua.

Nakuomba unisaidie, maana leo ni Jumanne, na furaha ile siioni tena usoni mwa mtu yeyote hapa.

Najua kilichotokea Leparua. Nilikuwa mazishini. Ekidor, askari wa akiba, aliuawa akijaribu kurudisha mbuzi wa watu, na mjane wake, Roda, alikuwa amesimama kando ya kaburi akiwa ameshika kofia ya kazi ya mumewe. Waliomuua ni wahalifu. Wanastahili kutafutwa na kushikwa, na hakuna mzee hata mmoja katika uwanja huu anayetaka waachwe. Nalisema hilo wazi ili mtu asije akasema Mwalimu Kirigia alisimama kutetea majambazi.

Lakini baada ya mazishi yale lilisomwa tangazo redioni. Lilisomwa kwa Kiswahili, na kwa Kiborana, na kwa Kiturkana, na jina lililosomwa mwishoni lilikuwa lako. Kwamba kufikia Ijumaa hii, kila boma kutoka Korbesa mpaka mto lisogee kwenye vituo vilivyopangwa. Kwamba kila mwenye boma atoe idadi ya watu wake, ya mifugo yake na ya silaha. Na kwamba boma ambalo halitatoa idadi litachukuliwa kuwa limewaficha wahalifu, na ndege zitatumika.

Nililisikiliza nikiwa dukani. Mwenye duka alipunguza sauti ya redio, kana kwamba tangazo lenyewe ndilo lingetusikia. Tuye, mama anayeuza maziwa ya ngamia pale sokoni, alianza kukunja meza yake ingawa ilikuwa bado asubuhi. Wanawe wako na ngamia upande wa pili wa Korbesa, ambako hakuna redio, na kwa siku hizi zote hajapata maziwa wala salamu kutoka huko. Nilimuuliza vijana wamesemaje. Akaniambia, "Mwalimu, nitajuaje? Labda hata hawajui kama wanatafutwa."

Hii ndiyo hofu yetu, Mheshimiwa, na naieleza polepole kwa sababu naamini ukiielewa utaifanyia kitu. Ni ukame. Mifugo iko mbali, kila mahali palipobaki unyasi. Wengine hawatasikia tangazo. Wengine watasikia, lakini ng'ombe waliodhoofika hawawezi kufika kabla ya Ijumaa. Na hata wale watakaofika, nani atawauliza? Sajenti wa leo ni kijana mwema tu kutoka sehemu za mbali, kama yule wa zamani. Ataambiwa aulize wangapi, na atauliza. Mzee atasema, "Wapo." Sajenti atapeleka habari. Na juu ya kilima, au juu angani, kutakuwa na mtu anayengoja neno. Safari hii, ni nani atakayekuja kuchutama?

Dadacha alikuja kwangu juzi. Bado yu hai, kwa wale mnaojiuliza, ingawa macho yamekwisha na anatembea akiwa ameshika bega la mtu. Alikuwa ameomba kuonana nawe na maafisa wako wakamwambia kwa upole kwamba ratiba imejaa. Siwalaumu, walimwona kama mzee mwingine aliyekuja kuomba kazi kwa mjukuu. Aliketi barazani kwangu, hakutaka chai, akaniuliza jambo moja.

"Mwalimu, huyo mtoto wetu amesahau?"

Nilimjibu kwamba hujasahau. Nilimjibu upesi sana, na kwa sauti kubwa kupita haja, kama mtu anavyojibu akitaka jambo liwe kweli. Alitikisa kichwa. Kisha akaniambia kwamba akiulizwa Ijumaa hatajibu. Si kwa ubishi. Alisema amezeeka mno kuanza kuwafunga watoto wake.

Mheshimiwa Waziri, sikuombi ufute operesheni. Wazee wamenituma nikuombe mambo ambayo Kapteni Lodio angeyafanya bila kuombwa. Ijumaa isogezwe mpaka wapiga mbiu wetu, kwa pikipiki na kwa ngamia, wafike kila kisima. Kila kikosi kiende na mzee anayejua lugha na anayejua mabonde. Na neno "wangapi" litolewe katika amri, pamoja na adhabu iliyofungwa juu yake. Ukitaka kujua boma, uliza majina. Utapewa yote, na yule asiye wa boma hilo hatakuwa na mtu wa kumtaja. Huoni kwamba wahalifu unaowatafuta watapatikana hivyo kwa urahisi zaidi? Wewe ndiwe uliyetufundisha.

Naogopa kusema haya. Naiona safu ya mbele, namwona Makandi akitazama saa, na najua kwamba kesho naweza kuulizwa nani alinituma. Lakini mtu wa umri wangu huchagua hofu yake, na mimi naogopa Ijumaa zaidi.

Limebaki jambo moja, na ningependa ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa walinzi wako. Nafahamu kwamba tangu asubuhi maafisa wa itifaki wanamtafuta mama yako wamlete jukwaani. Wamekwenda Kiwanjani wakakuta mlango umefungwa, wakaambiwa yuko kanisani. Hayuko kanisani. Alfajiri Nakolong alipanda lori la unga linalokwenda Merti, yeye na Dadacha, na baadhi ya wazee ambao mngewaona hapa kama wangekuwepo. Tulikuwa tumekubaliana sote twende tukaingoje Ijumaa katika maboma ya huko, na mimi nikabakizwa niseme. Nilimsaidia kupanda. Nilimwambia Nakolong, mama, sasa nikimwona Ekiru nimwambie nini?

"Mwambie niko Korbesa, kwa ndugu yangu. Na asinipigie simu, huko hakuna mtandao."

Ndivyo alivyosema, na lori likaondoka.

Sina mengine. Nakushukuru, Mheshimiwa Waziri, kwa kurudi nyumbani, na kwa kukaa kitini mpaka nimemaliza, maana nimeona msaidizi wako akikunong'oneza na wewe ukimzuia kwa mkono. Nakushukuru Bi Makandi, utanisamehe au hutanisamehe. Nawashukuru nyote mliotega masikio juani kwa ajili ya maneno ya mzee. Kipaza sauti ni hiki hapa, Jenerali. Njoo ukichukue, na sisi sote, na walioko mbali wasioweza kukusikia, tunangoja utakalosema.